Hodi Kwenye Vibendera

Wiki iliyopita hoteli moja ya Paje iliniletea kazi ya kushona vibendera vyeupe, vidogo, vya kuchomeka mchangani kwenye njia atakayopita bibi harusi. Ni kazi nyepesi. Kipande cha kitambaa cha pembe tatu, pindo, na kifuko chembamba cha kupitishia kijiti. Fundi mwingine angemaliza kabla ya adhuhuri. Mimi nilishona kimoja nikakifumua, nikakishona tena nikakifumua tena, mwisho nikabaki nimekishika mkononi dirishani kwangu hapa mjini, huku chini kichochoroni muuza urojo akigombana na mteja aliyetaka aongezewe pilipili. Harufu iliyonijia puani haikuwa ya urojo. Ilikuwa ya mwani unaokauka juani.

Niseme ukweli mapema: mimi ni mtu wa kufumua. Kushona nimejifunza mwenyewe kwa kutazama video kwenye simu, na kuandika vilevile, na mtu aliyejifunza mwenyewe hana mwalimu wa kumwambia basi, imetosha. Hata mistari hii nimeifuta na kuirudia mpaka nimeichoka. Lakini vibendera vile vimenirudisha mahali ambapo sijawahi kupaandika, na naogopa nikingoja pakae sawasawa nitapasahau.

Nyumba yetu ya Paje ilikuwa ya mwisho kabla ya mchanga. Tuliishi watatu: Mama, Bibi na mimi. Mama alikuwa mkulima wa mwani, kwa hiyo saa zake zilipangwa na maji. Yakitoka anatoka, yakijaa anarudi na mzigo kichwani, kanga imemganda miguuni. Ua wetu wa makuti ulipakana na nyumba ya mgeni mmoja mwanamke aliyekuwa akifundisha watalii kuteleza juu ya bahari kwa matiara, vile vishada vikubwa vinavyovutwa na upepo. Sisi watoto tukimwita Mama Tiara. Alikuwa na mbwa, rangi yake ya muhogo uliochomwa ukaungua kidogo pembeni, na jina lake likawa Muhogo.

Tatizo la Muhogo lilikuwa kwamba anapenda watu. Angekuwa mkali tungemkimbia na mambo yangekwisha. Yeye alitoka mbio akiona watoto tunakwenda chuoni na juzuu zetu kifuani, akaturukia, akaturamba mikono, mkia unamkatika kwa furaha. Basi hapo ni kurudi nyumbani, kuvua nguo, kuosha mara saba na mara moja kwa udongo, na kufika chuoni maalimu ameshaanza na fimbo imelala mbele yake. Wazee walikwenda kulalamika. Kijana mmoja akasema hadharani kwamba kipande cha nyama chenye sumu hakina gharama. Na mbali ya hayo kulikuwa na barabara, na magari ya kukodi yanayoendeshwa na watu wasiojua kuku wetu wanavukia wapi.

Ndipo Mama Tiara akaleta uzio usioonekana. Leo najua ni nini, nimeshausoma kwenye simu mpaka mwisho. Ni kisanduku cheupe kinachochomekwa kwenye umeme ndani ya nyumba, kinarusha mawimbi pande zote kama redio, na mbwa anavishwa ukosi wenye kidude kidogo. Akikaribia mwisho wa mawimbi kidude kinalia taratibu kumwonya. Akizidi kusogea kinamtekenya shingoni. Hakuna waya wala ukuta. Wakati huo sikuyajua haya hata moja. Nilichokiona kwenye tundu la makuti kilikuwa vibendera vyeupe, vimechomekwa duara kuizunguka nyumba ya Mama Tiara, na Haji akitembea kutoka kimoja hadi kingine.

Haji alikuwa kijana wa Makunduchi, mtunza bustani, aliyeajiriwa kukata majani akajikuta anafundisha mbwa. Alivaa mabuti na glavu, akamfunga Muhogo kamba ndefu ili wasigusane. Wanakwenda mpaka kwenye kibendera, Muhogo anashtuka, masikio yanasimama, Haji anavuta kamba na kusema kwa sauti ya chini, "Rudi nyumbani. Rudi nyumbani, Muhogo." Mbwa akigeuka anarushiwa kipande cha nyama. Kisha kibendera kingine. Asubuhi na jioni, siku baada ya siku. Baadaye kamba ikaondolewa, na Muhogo akawa anakimbia kwa kasi zake zote, akifika kwenye vibendera anasimama kama aliyeitwa na mtu.

Kwetu kila mtu analijua zindiko. Mtu akihamia nyumba mpya, au akiogopa wezi wa nazi, anamwita mjuzi, vinasomwa vinavyosomwa, vinafukiwa vinavyofukiwa, na kuanzia hapo kibaya hakiingii. Sikuwahi kusikia zindiko la kumzuia unayempenda asitoke. Lakini nilikuwa nimeliona kwa macho yangu, tena likifanywa na mtu wa Makunduchi, na Makunduchi kwa mambo hayo haina mchezo. Nikamngojea Haji kwenye mfereji wa maji.

"Haji, umemfanya nini Muhogo?"

Alinitazama, akajifanya kuangalia huku na huku. "Nimemzindika."

"Kweli?"

"Huoni bendera? Huoni anavyorudi?"

"Na mtu anazindikika?"

"Mtu?" Akacheka, akaipandisha ndoo begani. "Mtu mgumu, we. Mtu anataka nyama nyingi."

Yeye alikuwa anatania, mimi nilikuwa nachukua maelekezo. Maana nyumbani kwetu kulikuwa na mtu wa kuzindikwa.

Bibi alikuwa ameanza kutoka. Mwanzo alisahau majina, kisha sufuria motoni, kisha akaanza kutusahau sisi, na kila alichokipoteza huku alikuwa anakipata kule nyuma, Makunduchi, alikozaliwa. Alirudi kwenye Kikae, lahaja yake ya utotoni, akizungumza na watu ambao Mama mwenyewe hakuwahi kuwaona. Mchana, Mama akiwa majini, anajifunga kanga, anachukua ukili wake anaosuka na kutoka. Ukimuuliza unakwenda wapi, anakutazama kama wewe ndiye uliyepotea. "Nnakwenda kwa mama." Mara moja alikutwa katikati ya barabara, magari yamesimama pande zote, yeye amechuchumaa anaokota ukili uliomdondoka.

Kazi ya kumchunga ilikuwa yangu nikitoka skuli, na sijui kama nitaweza kueleza jinsi mtoto mdogo vile anavyoweza kuishi sikio limebaki nyumbani. Nilikuwa nikihesabu herufi ubaoni huku nawaza kama yupo. Nilirudi mbio. Nikimkuta amekaa barazani nilikuwa nakwenda nyuma ya nyumba nalia kidogo, kisha nanawa uso.

Baada ya lile la barabarani, Mjomba Sule, mdogo wake Mama, alikuja kutoka mjini. Alikuwa na duka la vitambaa na nyumba ya ghorofa ndani kabisa ya Mji Mkongwe. Hakuwa mtu mbaya. Aliketi na Mama ukumbini, mimi nikiwa nyuma ya pazia.

"Dada, tusidanganyane. Siku moja tutaitwa kuja kuokota maiti barabarani."

"Tumpeleke wapi, Sule? Kule juu kwako, afungiwe komeo?"

"Komeo si adhabu. Akiwa juu hafiki barabarani."

"Mama yangu hajawahi kulala mahali asiposikia maji."

"Na sasa hivi anajua yuko wapi?" Mjomba akalainisha sauti. "Akitoka tena mara moja tu, nnamchukua. Usinichukie."

Mara moja tu. Nililala nayo ile. Bibi alikuwa ndiye mtu aliyenilaza kwenye mkeka mmoja tangu nazaliwa, mkono wake ukinuka mdalasini na mwani. Nilijua, kama watoto wanavyojua, kwamba akipandishwa zile ngazi za mjini hatashuka tena kuwa wetu.

Muhogo alipokwishazoea, Haji aling'oa vibendera, maana havikuhitajika tena. Nikamwomba. "Chukua," akasema, "ukafanyie harusi ya wanasesere." Nilivichukua kama mtu aliyepewa hirizi. Alasiri ile ile nikavichomeka kuizunguka nyumba yetu. Nilitumia kipande cha kamba kupima nafasi kati ya kimoja na kingine, nikikosea nang'oa na kuanza upya. Kwenye kila kimoja niliinama na kusema, "Rudi nyumbani. Rudi nyumbani, Bibi." Nyama hatukuwa nayo siku zote, lakini Bibi alipenda kashata za nazi, na Mama alikuwa na bakuli lake kabatini.

Kesho yake Bibi akatoka. Nilimfuata nyuma. Alifika kwenye vibendera, akasimama.

Sitasahau namna alivyosimama. Alivitazama kushoto na kulia, uso wake ukatulia, kama mtu aliyeona kitu anachokijua baada ya siku nyingi za vitu asivyovijua. Akavua ndara zake, akaziweka pembeni, akaunganisha viganja.

"Hodi," akasema. "Hodi, wenyewe."

Akangoja. Upepo ukavipeperusha vile vitambaa. Akangoja kidogo tena, kisha akavaa ndara zake. "Wenyewe hawajaitika," akaniambia, kama ananifundisha. "Penye kitambaa cheupe hapapitwi bila ruhusa. Turudi."

Nilikimbia kumletea kashata. Baadaye sana ndipo Mama aliponieleza kwamba kwao Bibi, zamani, sehemu za mizimu zilitundikwa vitambaa vyeupe, na mtoto alifunzwa kuvua viatu na kubisha hodi kabla hajasogea. Mimi nilijua tu kwamba zindiko langu limeshika.

Basi ikawa hivyo. Bibi alitoka, alifika, alibisha hodi, alingoja, alirudi, alikula kashata. Mama alishangaa bakuli linaisha lakini alishangaa zaidi kumkuta mama yake barazani kila siku. Mjomba alipokuja kututazama alivikuta vibendera. "Nini hivi? Mmeanza mizimu hapa?" Mama akamjibu bila kuinua uso kwenye mbuzi ya kukunia nazi, "Mtoto anacheza." Mjomba akaketi, Bibi akamwita kwa jina la kaka yake mwenyewe aliyekwisha kufa, wakacheka pamoja. Aliondoka bila kutaja komeo. Siku zile nilikuwa na furaha ambayo nikiikumbuka sasa inanichoma. Nilidhani nimepata kanuni ya kumfanya mtu asiondoke, na kwamba kinachotakiwa ni nafasi zilingane tu.

Siku ilipoharibika, umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Bibi alitoka alasiri, akavua ndara, akabisha hodi. Lakini siku ile hakurudi. Alibisha tena. Akabisha tena. Sauti yake ikaanza kutetemeka, si kwa hasira, kama ya mtoto aliyeachwa nje.

"Hodi, wenyewe. Sichukui kitu. Nnapita tu, nnakwenda kwa mama. Mama ananngojea, jua linazama. Hodi."

Nilisimama nyuma yake na kashata mkononi, inanata. Upande wa pili wa makuti nikamsikia Muhogo naye analia, ule mlio mwembamba wa mbwa. Nikachungulia. Watoto walikuwa wanacheza mpira mchangani na yeye ameketi mahali pale pale palipokuwa na vibendera, pua imeelekea kwao, anatetemeka mwili mzima. Haji alikuwa karibu, amejilaza kwenye kiti kwa sababu pampu ya kumwagilia bustani haifanyi kazi.

"Haji, mbona analia?"

"Anataka mpira."

"Si aende basi?"

"Ndiyo ujinga wake. Leo hakuna umeme, kisanduku kimelala. Angeweza kwenda mpaka Jozani na hakuna kitakachomgusa. Lakini mwenyewe hajui."

"Kisanduku gani?"

"Kile cha ndani. Kinachompigia kelele shingoni. We ulidhani nini kinamzuia?"

"Zindiko."

Haji aliinuka akanitazama, na safari hii hakucheka. "Mwanangu," akasema, "n'likuwa nakutania."

Nilirudi kumtazama Bibi. Vijiti vya plastiki na vitambaa. Hakukuwa na kitu pale, hakukuwa na chochote, na yeye alikuwa amesimama peku kwenye mchanga wa moto analia kwa adabu, anangoja wenyewe wamwitikie. Na wenyewe ni nani kama si mimi? Mimi ndiye niliyevichomeka. Siku zote zile alikuwa ananibishia hodi mimi, na mimi nilikuwa nimenyamaza.

"Karibu," nikasema.

Aligeuza kichwa kuitafuta sauti.

"Karibu, Bibi. Pita."

Akasema "Ahsante," akainama kidogo, akapita kati ya vibendera viwili. Nikachukua ndara zake, nikamshika mkono, tukaenda.

Tulifuata ufukwe kuelekea kusini. Sikuwa na mpango. Bibi alitembea haraka kuliko nilivyowahi kumwona, akinionyesha vitu: hapa tulichimba chaza, pale palikuwa na mti mkubwa wa mkadi. Sijui kama kweli palikuwa pale au Makunduchi, na kwa mara ya kwanza sikusumbuka kujua. Alinifundisha kumtoa kaa shimoni kwa kijiti. Alicheka kwa kinywa chote. Nilikuwa nimezoea kumchunga, nilikuwa nimesahau kutembea naye.

Mahali fulani, nyumba za Paje zikiwa zimebaki ndogo nyuma yetu, alisimama. Akanitazama vizuri, kuanzia miguuni mpaka usoni.

"We mtoto wa nani?"

"Wa Zuhura."

"Simjui Zuhura." Akafikiri. "Mama yako anajua kama umefika huku?"

"Hajui."

"Subuhana!" Akaushika mkono wangu kwa nguvu, kwa ule mkono wa mdalasini. "Mtoto hatembei hivi peke yake. Twende nikurejeshe kwenu. Kwa mama ntakwenda kesho."

Akanirudisha. Mimi niliyekuwa namwongoza nikawa naongozwa. Kila tulipopita nyumba aliniuliza, "Kwenu ndiyo hapa?" nami nikasema, "Bado, Bibi, mbele kidogo," naye akasema, "Usiogope." Mpaka tukafika.

Mjomba Sule alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amekuja na mfuko wa maembe, akaikuta nyumba tupu na vijiti vyeupe vinapepea. Mama alikuwa anakuja mbio kutoka majini, maji yanamchuruzika. Nilijaribu kueleza kila kitu kwa pumzi moja, kisanduku, umeme, kashata, Muhogo, na nadhani hakuna aliyeelewa neno. Bibi ndiye aliyezungumza kwa heshima. "Nimekuleteeni mtoto wenu. Alikuwa mbali. Mumtazame."

Mjomba alifunika uso kwa viganja. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Dada, mkusanyie nguo zake."

Watu huniuliza, wale wachache niliowasimulia, kama najuta kusema karibu. Nimeifumua siku ile mara nyingi kuliko nguo yoyote. Ningenyamaza, labda angebaki nasi mwezi zaidi, miezi, anakula kashata mbele ya vijiti. Nilisema, na ninayo ile safari. Kila ninapofika hapo sindano inasimama. Sijawahi kupata namna ya kuishona ikakaa bila mkunjo.

Tulikwenda mjini kumtazama skuli zilipofungwa. Ngazi za Mjomba zilikuwa za mbao, za giza, zinanuka udi na vitambaa vipya. Juu kabisa mlango ulikuwa wazi, Bibi amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, mdogo, kanga imemzidi. Mama aliniambia nisitegemee kitu, Bibi hamjui mtu tena, hata Mjomba huitwa dereva. Nilisimama kizingitini. Niliogopa kuingia, niliogopa hatanitambua. Nikavua viatu.

"Hodi," nikasema.

Bibi hakugeuka. Lakini alijibu papo hapo, kwa sauti yake ile ya zamani, kama mtu aliyekuwa akingoja neno hilo tangu asubuhi.

"Karibu, mwanangu. Pita. Wenyewe tupo."

Hakuishi sana baada ya hapo.

Jana nilipeleka vibendera Paje. Kijana wa hoteli aliviangalia juu juu, akasema vizuri dada, akavitupa kwenye boksi. Nilitaka kumwambia avipime kwa kamba, nikajizuia. Mama Tiara alishaondoka zamani, na Muhogo amezikwa mahali fulani ndani ya lile duara lake. Nyumba yetu haipo. Pale palipokuwa na baraza pana ukuta wa mawe, mrefu, na nyuma yake nasikia maji ya bwawa na watu wanaocheka kwa lugha nisiyoijua.

Nilivua viatu. Mchanga ulikuwa wa moto vilevile.

"Hodi," nikasema ukutani, kwa sauti ndogo, maana kulikuwa na mlinzi. "Hodi, wenyewe."

Nikangoja kama Bibi alivyokuwa akingoja, kisha nikangoja kidogo tena. Upepo ulitoka baharini na harufu ya mwani. Hawakuitika. Nikavaa viatu vyangu, nikarudi.